Namna Kioja Kilivyogeuka Kichekesho

Waingereza wana neno moja fupi linalowatatiza wao wenyewe. Neno hilo ni "funny". Mtu akiambiwa kwamba jirani yake ni "funny", hawezi kujua papo hapo kama jirani huyo ni mcheshi au ni mtu mwenye walakini. Ndiyo maana katika mazungumzo yao ya kila siku wamezoea kuuliza swali la kufafanua: ni "funny ha-ha" au ni "funny peculiar"? La kwanza limebeba mlio wa kicheko, na la pili linaelekeza kwenye jambo geni, lisiloeleweka, pengine la kutiliwa shaka. Wamarekani wengine hubadilisha sehemu ya pili wakasema "funny strange", lakini swali linabaki lilelile.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba taabu hiyo ni ya wenyewe. Hata hivyo, nchini Kenya neno kioja limepita katika njia inayokaribiana sana na hiyo, isipokuwa limeanzia upande wa pili. Mkazi wa mji wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, akirudi nyumbani jioni na kusema, "Leo nimeona kioja," wanaomsikiliza hawajui kama wajiandae kucheka au kushtuka, na hawatajua mpaka asimulie. Jambo hili halikutokea kwa siku moja. Lina historia yenye hatua zake, na Kaunti ya Kajiado ni mahali pazuri pa kuifuatia historia hiyo, kwa sababu hatua zake muhimu zimeacha alama katika ardhi hiyo.

Tuanze na Waingereza, ili tupate kipimo cha kulinganishia. Neno "fun", ambalo ndilo mzazi wa "funny", katika karne ya 17 lilihusiana na hila na kumchezea mtu shere. Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake maarufu mwaka 1755, alilidharau na kuliita neno la watu wa chini. Karibu na wakati huohuo "funny" lilianza kutumika kwa maana ya jambo la kuchekesha, na mwanzoni mwa karne ya 19 likaongezewa maana ya jambo la ajabu. Sababu si ngumu kuiona. Kinachochekesha mara nyingi ni kile kilichotoka nje ya kawaida, na asiyetaka kusema waziwazi kwamba jambo fulani linamtia shaka huona afadhali kutumia neno jepesi. Maana hizo mbili ziliishi pamoja kwa miaka mingi, na katika karne ya 20 swali la kuzitenganisha likaenea. Tamthilia ya Ian Hay iitwayo Housemaster, iliyoonyeshwa mwaka 1936, ndiyo inayotajwa mara nyingi kama iliyolipa swali hilo umaarufu. Kwa Kiingereza, basi, kicheko kilitangulia na ajabu ikafuata.

Kwa Kiswahili mambo yalianza kinyume. Kiswahili cha pwani kilikuwa na maneno mengi ya mshangao, na kila moja lilikuwa na uzito wake: ajabu, lililotoka katika Kiarabu, kisha shani, kioja na kituko. Upande wa kicheko nako kulikuwa na mzaha, masihara, utani na kichekesho, na maneno haya hayakuhitaji ufafanuzi. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903 na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 zinaliweka neno kioja upande wa mambo ya kustaajabisha na kuogofya. Kituko nacho kilihusishwa na kitenzi kutuka, ndugu wa kushtuka, maana yake kitu kinachomfanya mtu aruke kwa hofu. Hata methali inayosema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni haimwahidi msikilizaji kicheko. Inamwonya kwamba makubwa zaidi yako njiani.

Hata hivyo, mpaka kati ya pande hizo mbili haukuwa umefungwa kabisa. Visa vya Abunuwasi, vilivyosimuliwa pwani yote na baadaye bara, vinajengwa juu ya mambo ya ajabu ambayo mwisho wake ni kicheko. Abunuwasi hutenda lisilotarajiwa, sultani hushangaa, na wanaosimuliwa hucheka. Tuone tofauti iliyopo hapo: anayeshangaa ni aliye ndani ya kisa, na anayecheka ni aliye nje yake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayotusaidia kuelewa yaliyofuata, kwa maana historia ya neno kioja nchini Kenya ni historia ya watu waliotoka ndani ya kisa wakaketi nje na kukitazama.

Kajiado iliingia katika historia hii kwa njia ya mahakama. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai uliowatoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa na kuwagawa katika maeneo mawili, moja kaskazini huko Laikipia na jingine kusini. Mkataba ulisema kwamba mpango huo ungedumu kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo kama jamii. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1911, serikali ilifanya mkataba wa pili wa kuwahamisha wale wa Laikipia, ili ardhi yao ipewe walowezi. Walitakiwa kwenda kusini, katika eneo ambalo leo liko hasa katika kaunti za Kajiado na Narok. Watu na mifugo yao walihamishwa, na wengi waliondoka bila ridhaa.

Viongozi waliopinga, akiwamo Parsaloi Ole Gilisho, hawakuchukua mikuki. Walichagua kuajiri mawakili. Kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo ilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu, na mwaka 1913 ikatupiliwa mbali bila hoja ya ardhi yenyewe kuamuliwa. Mahakama ilisema kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme wa Uingereza, kwamba mikataba ya 1904 na 1911 ilikuwa kama mikataba baina ya dola na dola, na kwamba mambo ya aina hiyo si ya kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Rufani waliyokata ilishindwa mwaka huohuo. Kwa maneno mengine, watu waliohamishwa kwa amri ya serikali kana kwamba ni raia wake waliambiwa mahakamani kwamba wao ni wageni kwa serikali hiyo.

Kwa maana ya zamani ya neno, hicho kilikuwa kioja hasa: jambo la kushangaza na la kuogofya. Hakuna aliyecheka, na sababu yake inaeleweka. Walioshangaa walikuwa ndani ya kisa, na hasara ilikuwa juu ya migongo yao.

Kesi ya 1913 ilikuwa kubwa kuliko kawaida, lakini mahakama za kila siku nazo zilikuwa mahali pa ugeni. Mji wa Kajiado ulikua kando ya reli iliyojengwa kutoka Konza kwenda Magadi kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ukawa makao ya utawala wa wilaya. Katika makao ya aina hiyo, ofisa aliyetoza kodi ndiye pia aliyeketi kama hakimu. Sheria ilikuwa ya Kiingereza, mshtakiwa alisema lugha ya kwao, na katikati yao alisimama mkalimani ambaye mara nyingi alitumia Kiswahili. Mtu aliyeshtakiwa kwa kupitisha ng'ombe mahali palipokatazwa alisikia maneno yake yakigeuzwa mara mbili kabla hayajamfikia hakimu. Mpangilio huu haukuisha mara moja baada ya uhuru. Hata leo sheria ya Kenya inaitaja lugha ya Mahakama Kuu kuwa Kiingereza, na ya mahakama za chini kuwa Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida aliikuta mahakama ikiwa na lugha yake, mavazi yake na taratibu zake ambazo si za nyumbani.

Wakati huohuo vyombo vya habari vya Kiswahili vilikuwa vinajengeka. Gazeti la Baraza lilianza mwaka 1939. Mwaka 1958 Charles Hayes na wenzake walianzisha gazeti la Taifa, likanunuliwa na Aga Khan mwaka 1959, na mwaka 1960 likawa Taifa Leo, gazeti la kila siku. Utangazaji wa redio ulikuwapo tangu mwaka 1928, ingawa mwanzoni ulilenga walowezi. Runinga ilifika mwaka 1962, na mwaka 1964 serikali ya Kenya huru iliuweka utangazaji wote chini yake kwa jina la Sauti ya Kenya. Vyombo hivi vilihitaji vipindi ambavyo Mkenya wa kabila lolote angevielewa, na Kiswahili ndicho kilichofaa kazi hiyo.

Hapo ndipo tunafika kwenye kipindi cha Vioja Mahakamani. Kipindi hiki cha Sauti ya Kenya kilidumu kwa miongo mingi, hata baada ya shirika hilo kubadilishwa jina na kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, mwaka 1989. Muundo wake ulikuwa rahisi. Palikuwa na hakimu, kiongozi wa mashtaka, karani, askari na kizimba. Mshtakiwa aliletwa kwa kosa dogo la maisha ya kila siku, mashahidi wakaitwa, na kesi ikaharibika kwa njia ya kuchekesha kabla ya hukumu kutolewa. Watazamaji waliwajua washtakiwa na mashahidi kwa majina ya uigizaji: Makokha, Othorongongo, Masanduku arap Simiti, Ondiek Nyuka Kwota, na pia Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau, ambaye alifariki mwaka 2015. Wanjau na Mary Khavere, yaani Mama Kayai, walijulikana vilevile kwa kipindi cha Vitimbi, ambacho jina lake nalo ni neno la zamani la hila na visa.

Tuliangalie jina la kipindi kwa makini. Waliolichagua hawakusema vichekesho mahakamani. Walisema vioja, na walikuwa sahihi kwa maana ya kamusi, kwa sababu yaliyotendeka pale kizimbani yalikuwa mambo ya kustaajabisha. Lakini mtazamaji hakuwa tena mshtakiwa wala shahidi. Alikuwa sebuleni kwake, au kwa jirani mwenye runinga, au katika ukumbi wa kijamii, na mara nyingi seti hiyo iliendeshwa kwa betri ya gari. Mahakama ileile iliyokuwa ngeni na ya kutisha sasa aliitazama akiwa salama. Mshtakiwa alichanganya Kiswahili na lafudhi ya kwao, akajibu swali ambalo hakuulizwa, akamwita hakimu kwa cheo kisicho chake, na kila kosa lilimkumbusha mtazamaji hofu ambayo yeye mwenyewe angekuwa nayo kizimbani. Alicheka kwa sababu alilitambua kosa lile, na kwa sababu halikuwa lake.

Kuna sababu nyingine iliyokiwezesha kipindi hiki kudumu. Katika miaka ambayo runinga ilikuwa ya serikali, mzaha juu ya wakubwa ulikuwa hatari. Katika Vioja Mahakamani aliyechekwa alikuwa mwananchi mkorofi, na hakimu alibaki na busara yake hadi mwisho. Dola haikudhalilishwa. Mzaha wa wazi juu ya wenye mamlaka ulisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, pale vijana wa kundi la vichekesho la Redykyulass walipomwigiza Rais Moi jukwaani na baadaye kwenye runinga.

Swali la mwanahistoria sasa ni hili: je, kipindi kimoja kinaweza kubadili maana ya neno? Yapo maelezo matatu yanayoshindana, na kila moja linafaa kupimwa.

Maelezo ya kwanza yanasema kwamba ndiyo, ni runinga iliyofanya hivyo. Ushahidi wake una nguvu. Hadi mwaka 1990, KTN ilipoanza, Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya runinga, na kwa hiyo waliotazama runinga walitazama kipindi kilekile. Zaidi ya hayo, Wakenya wengi wa bara hawakuzaliwa na Kiswahili, bali walijifunza. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay ya mwaka 1981, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani. Mtoto wa Kajiado aliyekuwa akizungumza Kimaa nyumbani alipata neno ajabu darasani, lakini neno kioja aliweza kulipata mbele ya runinga, huku watu wazima wakicheka kando yake. Mtu hujifunza maana ya neno pamoja na hali aliyolisikia, na hali hiyo ilikuwa ya kicheko.

Maelezo ya pili yanasema kwamba chanzo ni Kiingereza. Wakenya waliosoma wamezoea neno moja linalobeba ajabu na kicheko, na huenda wamelitafutia mwenzake katika Kiswahili. Hoja hii inavutia, lakini ina udhaifu. Kama Kiingereza ndicho kingekuwa chanzo, tungetarajia kichekesho kianze kutumika kwa maana ya jambo la kutilia shaka, kama "funny" ilivyofanya. Hilo halikutokea. Isitoshe, neno lenyewe "funny" lilipoingia katika mazungumzo ya vijana wa mjini, mara nyingi lilibeba upande wa shaka peke yake. Anayesema "usiniletee mambo funny" hatanii. Anamwonya mwenzake. Kwa kucheka ana kitenzi chake cha Kiswahili, kuchekesha, na hana haja ya kuazima.

Maelezo ya tatu yanasema kwamba maneno ya ajabu huelekea kwenye kicheko yenyewe, bila msaada wa runinga. Ushahidi wake unatoka Tanzania. Huko kipindi cha Vioja Mahakamani hakikuwa na nafasi kama iliyokuwa nayo Kenya, na kioja kimebaki karibu zaidi na maana yake ya mshangao. Lakini kituko, neno lililozaliwa na hofu, limesafiri mbali. Vituko leo ni matendo ya kuchekesha, na kumwita mtu kituko ni kusema kwamba watu wanamcheka. Kama safari ileile ilifanywa na neno jingine, katika nchi nyingine, bila kipindi hicho, basi runinga haiwezi kuwa sababu pekee.

Tukiyaweka maelezo haya pamoja, jibu la busara ni kwamba la tatu linaeleza kwa nini safari iliwezekana, na la kwanza linaeleza kwa nini nchini Kenya ilifanywa na kioja badala ya neno jingine. Mwelekeo ulikuwapo tangu enzi za visa vya Abunuwasi. Runinga ilichagua neno, ikalirudia kwa miongo mingi, na ikalipa watazamaji wa nchi nzima.

Hatua iliyofuata ilihitaji mahali ambapo watu wa aina nyingi wanaishi karibu karibu wakitazamana, na hapo Kitengela inaingia. Eneo hilo lilikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na kituo cha biashara kilichokuwapo kiliitwa Noonkopir. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi ya pamoja kusajiliwa kama ranchi za vikundi, na katika miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa kwa familia mojamoja. Mwenye hati aliweza sasa kuuza. Mwaka 1990 sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje ilipitishwa, viwanda vikajengwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Malisho yakawa ploti, na ploti zikawa nyumba za kupanga. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini Kitengela, katika kaunti yenye wakazi 1,117,840.

Mji wa namna hiyo huzaa visa. Mpangaji asiyemjua jirani yake anasikia kila kitu kupitia ukuta. Mchungaji wa kondoo na mchungaji wa kanisa wanatumia njia moja. Aliyeuza shamba jana ana pesa ambazo hajawahi kuzishika, na wapo wanaojua hivyo. Lugha ya kusimuliana visa hivyo, kwa kuwa wakazi wametoka kila pembe ya nchi, ni Kiswahili cha Kenya pamoja na Sheng.

Gazeti la Taifa Leo lina safu inayokusanya visa vya aina hii, iitwayo Dondoo. Kila kisa ni kifupi, huanza kwa jina la mahali kwa herufi kubwa, na Kitengela ni miongoni mwa miji inayojitokeza hapo. Wahusika hawatajwi majina. Wanaume wanaitwa kalameni, jombi au buda, wanawake wanaitwa kidosho au kipusa, na habari zao huletwa na penyenye, yaani mnong'ono wa mtaa. Mume anafumaniwa, mpangaji anahama usiku kukwepa kodi, mkwe anafika na mahari pungufu. Mwandishi akitaka kueleza yaliyotokea, maneno yake ya kawaida ni kioja kilizuka, kulikuwa na kizaazaa, au watu walipata sinema ya bure.

Maneno hayo ya mwisho yanaonyesha umbali ambao neno limesafiri. Anayetazama ugomvi wa ploti anahesabiwa kama mtazamaji wa sinema, tena ambaye hakulipa kiingilio. Utaratibu wa Vioja Mahakamani umehama kutoka studio hadi mlangoni mwa jirani. Kutotaja majina kunafanya kazi ileile iliyofanywa na majina ya uigizaji: kunamfanya mhusika awe mbali kiasi cha kuchekeka. Kama kalameni wa kisa angetajwa kwa jina, mkewe na watoto wake wangetokea mbele ya macho ya msomaji, na kicheko kingepungua.

Lakini maana ya zamani haikufa, na Kitengela yenyewe imeikumbusha nchi zaidi ya mara moja. Mji ulipokua ulikalia njia za wanyama wanaotoka mbugani kwenda tambarare za kusini. Mwezi Juni 2012 simba waliingia katika boma huko Ilkeek-Lemedung'i, Kitengela, wakaua mbuzi, na wenyeji wakawaua simba sita kwa mikuki. Mwaka 2016 simba walitoroka mbugani mara kadhaa. Mitandaoni, hasa miongoni mwa wakazi wa Nairobi waliokuwa mbali na hatari, mizaha ilimiminika. Kisha tarehe 30 Machi mwaka huo simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk alifika Isinya, kilomita kadhaa kusini mwa Kitengela. Umati ulikusanyika, picha zikapigwa, honi zikapigwa, mtu mmoja akajeruhiwa, na maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wakampiga simba huyo risasi akafa. Mizaha ilikatika, na hasira ikachukua nafasi yake.

Tukio hilo lilikuwa moja, na neno lililotumika kulieleza lilikuwa moja, lakini maana zilikuwa mbili kwa wakati mmoja. Kwa aliyeangalia simu akiwa ofisini, simba barabarani alikuwa kioja cha kuwatumia marafiki. Kwa mfugaji ambaye boma lake halikuwa na uzio imara, alikuwa kioja kama kilivyofasiriwa na Madan mwaka 1903. Waswahili walishasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na methali hiyo inaeleza vizuri kwa nini neno hili halijatulia upande mmoja.

Hapa ndipo Kiswahili cha Kenya kinapotofautiana na Kiingereza. Swali la Waingereza linachunguza jambo lenyewe: ni la aina gani, la kicheko au la shaka? Mkenya naye anaweza kufafanua hivyo akitaka, kwa kusema kioja cha kuchekesha au kioja cha kutisha, na wengi hufanya hivyo. Lakini kauli inayosikika zaidi mtaani ni nyingine: "Sijui nicheke ama nilie." Anayesema hivyo haligawi jambo katika mafungu. Anajitazama yeye mwenyewe, anapima yuko karibu kiasi gani na kisa, na anakiri kwamba mguu mmoja uko ndani na mwingine uko nje.

Historia tuliyoifuata inaipa kauli hiyo haki. Mwaka 1913 watu wa Ole Gilisho walikuwa ndani kabisa ya kisa, na kioja kikawa kilio. Miongo kadhaa baadaye wajukuu na vitukuu vyao waliitazama mahakama kwenye runinga, na kioja kikawa kicheko. Leo mkazi wa Kitengela anasoma Dondoo asubuhi kama mtu wa nje, na kufika jioni huenda simba, mwenye nyumba au karani wa ardhi akamwingiza ndani. Neno litaendelea kubeba maana zote mbili kwa muda ambao wanaolitumia wataendelea kubadilishana nafasi hizo. Anayesikia kwamba kioja kimetokea, kabla ya kuuliza ni cha aina gani, afadhali aanze kwa kuuliza kimempata nani.